Fundi wa Mafriji na Sauti ya Kuanzia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi wa mafriji. Ukimuuliza yeye atakwambia ufundi ni wa kujaza tumbo tu, kazi yake hasa ni masikio. Kwa miaka kumi na mitatu ndiye aliyekuwa akitoa sauti ya kuanzia katika kwaya yetu. Hatukuwa na kinanda wala gitaa, tulikuwa watu ishirini na wawili na makoo yetu. Kabla ya wimbo tulinyamaza, yeye akafumba macho, akainua kidole kimoja hewani, akasema "mmmm", na kila mmoja akaipokea ile sauti na kutafuta ya kwake juu au chini yake. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Kwayani tulimwita Sikio, na jina lilimnogea hivi kwamba aliitika kabla hujamaliza kulitamka.

Mimi ni msusi, na kwenye kwaya naimba alto. Kutwa nzima nimeshika vichwa vya watu huku wenye vichwa wakijisifu, kwa hiyo si rahisi mtu kunishangaza. Lakini kwa hilo la sauti hata mimi nilimvulia kofia, kimoyomoyo. Kumwambia usoni sikuthubutu, maana kichwa chake kilikuwa kimeshakuwa kikubwa, na mlango wa karakana yake ni mwembamba.

Mazoezi tulifanyia humo humo karakanani, kila Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Ni chumba kirefu kinachonuka waya ulioungua, milango ya mafriji imeegemezwa ukutani, mota zimelala kwenye beseni, na sisi na viti vyetu vya plastiki tunajipenyeza katikati ya marehemu. Kwenye kona palikuwa na friji moja tu lililo hai, kubwa, jeupe, la kuwekea maji ya kunywa. Shemeji alinunua mawili ya namna hiyo kutoka bucha lililofungwa, mwaka ule alipomwoa dada. Moja akabaki nalo, la pili akampelekea mama yetu, zawadi ya mkwe mpya. Yote mawili yalikuwa na ugonjwa mmoja: kile kidude kinacholiambia friji kwamba baridi sasa inatosha, pumzika, kilikuwa kimekufa siku nyingi. Basi hayakupumzika. Yalivuma asubuhi, yakavuma mchana, yakavuma mwaka hadi mwaka. La karakanani hakuna aliyelisikia tena, na fundi hakulitengeneza kwa sababu ile ile inayonifanya mimi msusi nitembee na kitambaa kichwani.

La mama ilikuwa kesi nyingine. Mama alihamia pwani mwaka ule ule, baada ya daktari kumwambia magoti yake yanataka joto, akaenda na friji lake, na kwa kuwa jiko la nyumba yake mpya lilikuwa dogo, akaliweka chumbani, futi mbili kutoka kwenye mto wake. Kila Jumapili alipiga simu. Baada ya kusalimiana na dada, na kuuliza wajukuu wamekula nini, alimwomba mkwe wake, akamwambia neno moja tu: friji lako linanguruma. Shemeji naye alimjibu kwa heshima zote kwamba friji lile halina neno, mama, labda ni masikio.

Mama yetu haambiwi labda ni masikio. Alianza kuliigiza friji kwenye simu, mmmmm, sauti nzito ya puani, dakika nzima, ili mkwe asikie mwenyewe. Mkwe alisubiri amalize, kisha akasema hasikii kitu, mtandao ni mbaya. Miaka kumi na mitatu. Kumbe angeweza kulitengeneza kwa robo saa, lakini kulitengeneza kungekuwa kukiri kwamba alimpa mama mkwe friji bovu, na yeye na mama wote wawili ni watu ambao wakishakaa upande mmoja wa jambo, huwatoi hata kwa winchi.

Hapo ndipo ulipokuja mwaliko wa ziara. Kwaya nne za miji ya pwani zilituomba tukaimbe kwao, maonyesho manne ndani ya siku sita, na la mwisho lilikuwa katika mji ule ule anaokaa mama. Hajawahi kutusikia. Alisema atakuja, atakaa kiti cha mbele kabisa, maana anataka kuliona kwa macho yake hilo sikio linalosifiwa nchi nzima na ambalo haliwezi kusikia friji.

Shemeji alishona shati jipya. Alinyoa mara mbili kwa siku. Kila mtu aliyeleta friji lake karakanani wiki ile aliambiwa habari ya ziara kabla hajaambiwa bei. Halafu akaenda kuweka ahadi mbaya mbele ya kwaya nzima. Katibu wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, kwa miaka mingi alikuwa anataka tununue kinanda, kwa hoja kwamba sikio la mtu ni nyama na nyama huchoka. Shemeji akamjibu kwamba siku akikosea sauti mbele ya watu, Mwalimu anunue kinanda chake, na yeye Sikio atakibeba begani mwenyewe na hatainua kidole tena maisha yake. Tulipiga makofi. Mwalimu aliandika maneno yale kwenye daftari lake, na tarehe.

Dada hakuweza kusafiri, watoto walikuwa na mitihani. Aliniita pembeni jikoni na kunipa kazi moja. "Mume wangu asiaibike mbele ya mama," alisema. "Mama akishamcheka siku hiyo, hatamwacha mpaka anazikwa. Na mimi ndiye ninayekaa katikati yao." Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikaongeza kwamba mume wake akishindwa kutoa sauti, mimi nitakula wigi.

Tuliondoka alfajiri kwa basi la kukodi. Dereva alikuwa mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Tulipomaliza chai kwenye chupa tukaanza kuimba, na hapo hapo mambo yakawa ya ajabu kidogo, ingawa hakuna aliyetilia maanani. Kwenye tambarare tuliimba vizuri. Kilima kilipoanza na dereva kubadilisha gia, wimbo wote ulipanda juu, soprano wakatoa macho. Kwenye mteremko tulishuka mpaka kinyozi, ambaye ndiye besi letu kubwa, akabaki anatoa pumzi tupu. Dereva alitutazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Samahani," akauliza, "nyinyi mnaimba au mnanifuata?"

Shemeji alimweleza kwamba barabara ikiinama, matumbo nayo yanainama, na sauti hutoka tumboni. Tuliridhika sana na maelezo hayo.

Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye ukumbi wa shule, hatua chache kutoka ufukweni. Ukumbi ulikuwa na jukwaa, mabenchi na madirisha makubwa, basi. Watu walijaa. Tulipanga mistari yetu mitatu, shemeji akafumba macho, akainua kidole, akasema "mmmm". Hata mimi nilihisi kitu hakijakaa sawa, ila ungefanya nini? Tukaingia. Ilikuwa juu mno. Soprano walipanda, wakapanda, wakafika mahali ambapo mbwa wa mlinzi nje alisimama na kuanza kuwajibu. Kinyozi, mtu wa kilo mia, alikuwa anaimba kama shangazi yangu. Ubeti wa tatu mwanamke mmoja kwenye mstari wa mbele aliniangalia kwa huruma, akashika koo lake mwenyewe. Watu walipiga makofi ya adabu, wakatupa maji.

Shemeji alisema ni chumvi. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi imeingia masikioni. Usiku ule alilala na pamba katika masikio yote mawili, na asubuhi ilibidi nimvute shati ajue tumemwita chai.

Siku ya pili tuliimba kwenye ukumbi wa kwaya wenyeji, mji mwingine, na safari hii sauti ilitoka chini mno. Soprano waliimba mahali pa wanaume. Sisi alto tulisikika kama tunapiga miayo, na mstari mzima wa besi ukabaki unachezesha midomo, shingo zimekunjamana, hakuna kinachotoka. Onyesho lilipokwisha, mzee mmoja alituuliza kama wimbo ule wa msiba tuliutunga wenyewe. Ulikuwa wimbo wa harusi.

Shemeji hakusema chumvi tena. Alikaa kwenye ngazi za basi akichokonoa sikio kwa kichwa cha kalamu, hakugusa chakula, na nilipomletea soda alinishukuru kwa unyenyekevu. Hapo ndipo nilipoogopa. Tangu nimjue, shemeji hajawahi kunishukuru bila kuongeza utani.

Mwalimu naye alikuwa amejifungia na daftari. Angeweza kumkumbusha maneno yake ya kinanda mara moja, lakini yule ni mtu wa hesabu, hawezi kuliacha jambo halijapata kanuni. Alitoka akiwa ameng'aa. Akatukusanya kando ya basi, akatuonyesha jedwali la kujaa na kupwa kwa maji alilolinunua dukani kwa wauza nyavu. Siku ya kwanza, saa ile tulipoimba, maji yalikuwa yamejaa pomoni: sauti ikapanda. Siku ya pili maji yalikuwa yamekupwa hadi mwisho: sauti ikashuka. Sisi ni watu wa bara, alisema, masikio yetu hayajazoea bahari, na sikio la fundi ndilo jepesi kuliko yote, kwa hiyo linavutwa na maji.

Ninaona aibu kuandika hivi, lakini tulimwamini. Watu wazima ishirini na wawili, mmoja wetu mkunga, mmoja karani wa mahakama. Shemeji aliamini kuliko wote, machozi yalimlengalenga. Alikuwa mgonjwa na sasa ugonjwa wake umepata jina, na tena ni ugonjwa wa watu wenye masikio mepesi. Onyesho la tatu lilikuwa saa tisa. Mwalimu akapiga simu kuomba lisogezwe hadi saa kumi na moja, maji yatakapokuwa katikati. Wenyeji walipouliza sababu, akawaambia ni ya kitaalamu.

Ukumbi huo wa tatu ulikuwa wa ushirika wa wavuvi. Nyuma yake kulikuwa na chumba baridi cha kuhifadhia samaki, mlango mkubwa wa bati, mota mbili zikivuma mchana kutwa. Shemeji aliinua kidole. "Mmmm." Tukaingia, na ilikuwa kama tuko nyumbani. Kila sauti ilikaa kwenye kiti chake. Kinyozi alinguruma vizuri mpaka mabati yakaitikia. Walisimama kutupigia makofi, wakatupa samaki, na Mwalimu aliporudi kwenye basi alibusu jedwali lake.

Hakuna hata mmoja wetu aliyezifikiria zile mota. Tulisema tu kwamba pale palinuka.

Siku ya mwisho ilipambazuka na mvua. Onyesho lilikuwa saa kumi jioni, na kwa mujibu wa jedwali maji yangekuwa katikati saa tisa na nusu, kwa hiyo Mwalimu alikuwa na amani. Mama alikuwa amenipigia simu mara mbili kuuliza viti vya mbele vinaanzia wapi. Hosteli tuliyolala haikuwa na ukumbi, na uani kulikuwa na matope, ndipo mpishi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya amri, akaturuhusu tufanye mazoezi jikoni kwake mradi tusiguse kitu. Tukasimama kati ya meza na masufuria. Shemeji akatoa sauti, tukaanza, na tulikuwa wazuri kweli.

Katikati ya ubeti wa pili kitu kikasema tak.

Friji la mpishi lilitikisika kidogo, likanyamaza. Na kwaya ikaanza kushuka. Hatukushuka pamoja, tulishuka kama watu wanaoteremka ngazi gizani, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka tukawa tunaimba nyimbo tatu. Tuliendelea hivyo hivyo, nyuso zimekunjamana, kama dakika moja. Kisha tak nyingine, friji likaanza tena kuvuma, na bila mtu yeyote kuamua chochote kwaya nzima ikapanda na kukaa sawasawa mahali pake.

Mwalimu alitazama saa yake. Akatazama jedwali. Bahari haijai na kupwa ndani ya dakika moja.

Shemeji, yeye, hakuhitaji jedwali. Ni fundi wa mafriji. Alivuka jiko, akaweka kiganja chake ubavuni mwa friji kama daktari, akasikiliza. Akachomoa waya. Akageuka kwetu, akafumba macho, kidole juu, "mmmm". Tukajaribu. Uchafu mtupu. Akachomeka, akasubiri livume, akatoa sauti. Safi. Akachomoa. Uchafu. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne hakugeuka kututazama.

Ndipo kila kitu kikatujia. Friji jeupe kwenye kona ya karakana, lisilopumzika. Na kwa nini nyimbo zetu zote zinaanzia mahali pamoja, jambo ambalo kwaya nyingine zilikuwa zikituuliza na sisi tukijibu kwa majivuno kwamba ni mtindo wetu. Kila tulipoalikwa kuimba pale kwetu, tuliimba kwenye sherehe, na sherehe haikosi friji la soda; na mafriji yote, alisema fundi, huvuma sauti moja, maana umeme ni mmoja.

"Miaka kumi na mitatu," shemeji alisema, "nimekula sifa za friji."

Kinyozi alitoka nje haraka, na tulimsikia akicheka kwenye mvua. Mimi nilicheka humo humo, sitasema uongo, nilicheka hadi nikashika meza. Lakini shemeji alikaa juu ya kreti la soda, mikono yake ya ufundi imelala magotini viganja juu, hana la kufanya nayo, na kicheko changu kikakatika. Akaniambia taratibu, "Shemeji, mama asijue." Nikamwahidi.

Mwalimu hakumcheka. Nadhani alikuwa bado anaomboleza bahari yake. Alisema tu kwamba itabidi kuazima kinanda kwa wenyeji, na shemeji akaitikia kwa kichwa, akauliza kina uzito gani, maana aliahidi kukibeba. Hapo hasira zikanipanda. Nilisema kama tumeimba na friji kwa miaka kumi na mitatu, tutaimba na friji leo. Kinanda kiwepo, sawa, kama tairi la akiba. Lakini mama yangu hatakuja na magoti yake yote kukuta mkwe wake amekaa pembeni.

Mpishi alikataa friji lake lihamishwe. Tulimsihi. Alikubali kwa sharti kwamba vitu vyake vibaki humo ndani ya friji na yeye mwenyewe aende na friji lake. Basi saa nane mchana wanaume sita walilipakia friji kwenye basi, wakalifunga kwa kamba kwenye kiti cha nyuma, mpishi akakaa kando yake ameshikilia mlango usifunguke, na dereva akaendesha polepole bila kuuliza kitu. Alishatuzoea.

Jukwaani tulilifunika kwa kitambaa cheupe, tukaweka juu yake chombo cha maua, likawa linafanana na meza ndefu kupita kiasi. Mpishi alikaa kiti cha pembeni kulinda nyanya zake. Kinanda cha kuazima kilikuwa upande wa pili, Mwalimu amekisimamia, na vyote viwili vilichomekwa kwenye waya mmoja.

Mama alikuwa kiti cha kwanza, mstari wa kwanza, fimbo kati ya magoti, mikono juu ya fimbo, kidevu juu ya mikono. Shemeji alipotokea alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. Alipofika kwenye masikio akasimama hapo.

Wimbo wa kwanza ulikwenda kama maji. Nilimwangalia mama badala ya kumwangalia shemeji. Hakupiga makofi. Alikuwa amelaza kichwa upande, macho yamekazia ile meza ndefu yenye maua, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyoiona mahali. Shemeji alipanguza jasho. Akafumba macho kwa wimbo wa pili, akainua kidole, na umeme ukakatika.

Hakukuwa na giza, mchana ulikuwa mweupe madirishani. Feni zilipunguza mwendo na kusimama. Nyuma ya kitambaa friji likatikisika, likakata roho. Mwalimu alibonyeza kinanda chake, akabonyeza tena kwa vidole vyote kumi, kimya. Watu walisubiri. Shemeji alisimama pale pale na kidole juu, amefungua mdomo, na nikaona kwamba ndani ya kichwa chake hakuna kitu, si juu wala chini, hakuna hata sauti mbovu ya kutupa. Mtu mmoja alikohoa. Mama alitoa kidevu chake juu ya mikono na kukunja midomo, ile namna yake, na nikajua kwamba sentensi ya kwanza ameshaipanga.

Shemeji alifumbua macho, akamwona. Akashusha kidole. Nilidhani anatoka. Badala yake alishuka ngazi za jukwaa, hatua tatu, akaenda kusimama mbele ya mama yangu na kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, lile friji nililokuletea." Ukumbi mzima ulikuwa unasikia. "Ni kweli. Linanguruma. Lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, na nilijua."

Mama alimkazia macho. Alikuwa anatafuta mtego uko wapi.

"Sasa naomba uniambie, mama," shemeji akasema, "linangurumaje?"

Miaka kumi na mitatu mama yangu alikuwa amesubiri mtu amuulize swali hilo. Alishika fimbo, akasimama, akageukia watu kwanza kama shahidi anayetaka mahakama nzima imwone, akavuta pumzi, akasema:

"Mmmmmmmm."

Ilikuwa yenyewe. Ile ile ya kona ya karakana, mapacha wale walivyozaliwa, haikupungua hata unywele. Shemeji hakupoteza muda kurudi jukwaani, aliinua kidole pale pale miguuni pa mama, akakishusha, na sisi tukaingia. Nilikuwa nalia na kuimba kwa pamoja, jambo ambalo alto hatakiwi kulifanya. Mama hakunyamaza. Aliendelea kunguruma chini yetu mpaka mwisho wa ubeti wa kwanza, maana alikuwa nayo nyingi.

Tulibakiza nyimbo tano. Kabla ya kila mmoja shemeji aliinama, akasema "naomba, mama", na mama akasimama, akatazama watu, akatoa. Wimbo wa nne walianza kumpigia makofi kabla hata hatujaimba. Hakutaka tena kukaa. Watu wa mji ule, hadi leo, wanaamini kwamba ndivyo kwaya yetu inavyofanya, tunasafiri na mama wa kutupa sauti.

Jioni hiyo hiyo shemeji alikwenda nyumbani kwa mama na mkoba wa vifaa, mimi nikamsindikiza. Alipiga magoti nyuma ya friji, akatoa kile kidude kilichokufa, akaweka kipya, robo saa kama nilivyosema. Friji lilivuma kidogo, likasema tak, likanyamaza. Chumba kikawa kimya, na sote watatu tukakaa tukikisikiliza kimya hicho. Mama alikaa kitandani, akapapasa shuka, akatazama dirisha. Alisema ni vizuri. Alisema sasa atalala kama binadamu. Kisha akaanza kukunja kanga zake, na baada ya muda, bila yeye mwenyewe kujua, tukamsikia: mmmm.

Shemeji alinitazama. Hakucheka. Alifungua tena mkoba wake, akapiga tena magoti, akang'oa kidude kipya na kurudisha kile kibovu. Friji likaanza kunguruma. Mama aliacha kuimba, akaendelea kukunja kanga.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa dada simu ilipolia. Baada ya salamu na wajukuu mama alimwomba mkwe wake, akamwambia friji lako linanguruma.

"Ndiyo, mama," shemeji akasema. "Linanguruma." Akaniomba kalamu, akaandika Jumamosi kwenye kiganja, saa kumi, onyesho, halafu akauliza kama siku hiyo mama atakuwa karibu na simu.